Binti hataki Kikrioli, bibi amenuna

Dada, umesema binti yenu wa miaka 15 hapo Brooklyn, New York, anamjibu bibi yake Mhaiti, mama wa mumeo, kwa Kiingereza tu na kujiita Mmarekani mweusi, na bibi analia kwamba mtoto kapotea. Usianze na mtoto. Muulize kwanza mumeo: kwao ilisifiwa lugha ipi, Kifaransa au Kikrioli, lugha ya nyumbani ya Wahaiti? Kikrioli kilifanywa lugha rasmi ya Haiti mwaka 1987 tu, na wapo wazee wanaokitumia kukemea huku Kifaransa wakikiwekea wageni. Mtoto akikisikia kama fimbo, atakipendaje?

Hotuba acheni, mpeni kazi. Januari 1 Wahaiti hunywa supu ya boga, joumou, kukumbuka uhuru wa 1804. Nyama ya ng'ombe hulazwa na viungo usiku kucha, kisha boga, kabichi, karoti na tambi. Wapike wawili tu, bibi akielekeza kwa Kikrioli. Binti akikosea neno asichekwe; kicheko cha mashangazi hunyamazisha watoto kuliko ukali.

Na binti kujiita Mmarekani mweusi si kumtukana bibi, maana shuleni na barabarani ndivyo anavyoonekana. Hilo bibi aambiwe faragha, na aseme mumeo. Wewe mkwe kaa pembeni.