Kabla ya kukokotoa hitilafu, tafuta relei ilipo

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa laini ya kilovolti 11 yenye jenereta iliyounganishwa katikati. Nilikokotoa mkondo wa shoti mwisho wa laini, nikaona umeongezeka, nikaandika kwamba relei ya kituoni, kifaa kinachopima mkondo na kuamuru breka (swichi ya laini) ikate, sasa itakata haraka zaidi. Mhandisi aliyenisimamia aliniuliza swali moja tu: "Huo mkondo wote unapita kwenye relei?"

Haukupita. Hesabu yenyewe ni fupi, ifanye kwa kalamu kabla hujafungua programu yoyote. Chukua shoti ya fezi zote tatu. Impidansi (ukinzani wa jumla kwa mkondo) ya chanzo kikuu, yaani gridi, ni omu 1, kutoka kituoni hadi kwenye jenereta omu 1, kutoka hapo hadi penye shoti omu 3. Jenereta ikiwa imezimwa, volti 6,350 (kilovolti 11 gawanya kwa mzizi wa 3, yaani volti ya fezi moja) gawanya kwa 5, unapata ampia 1,270. Sasa iwashe, nayo iwe na omu 4. Penye shoti mkondo unapanda hadi kama ampia 1,465, ila unaopita kituoni unashuka hadi 977. Relei iliyowekwa ianze kwenye 1,000 itabaki kimya huku waya unaungua.

Kwa hiyo, kila unapopata jibu la mkondo penye hitilafu, rudi nyuma uugawe: kiasi gani kinatoka wapi, na kinapita kwenye kifaa kipi.

Sola ina mambo yake. Wengi tunaoanza huichora inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa gridi, kama jenereta, majibu yakatoka makubwa kupita kiasi. Inveta hujibana yenyewe, na kwa kawaida hutoa mara 1.1 hadi 1.5 tu ya mkondo wake kamili. Mtambo wa megavolti-ampia 1 kwenye kilovolti 11 una ampia 52 hivi, hivyo wakati wa shoti tarajia chini ya 80. Ichore kama chanzo cha mkondo, na mwombe mtengenezaji mipangilio yake halisi, maana inveta nyingi hazitoi mfuatano hasi (sehemu ya mkondo inayojitokeza fezi zisipolingana) kama jenereta inavyotoa.

Transfoma ya mtambo nayo usiipite. Ikiwa upande wa gridi ni nyota iliyofungwa ardhini na upande wa pili ni delta (nyota na delta ni namna za kuunganisha koili zake), inachangia mkondo wa hitilafu ya fezi moja kwenda ardhini hata usiku, wakati paneli hazizalishi chochote. Hili lilinichukua muda mrefu kuliamini.

Mwisho, angalia muda wa kurudisha umeme kiotomatiki, yaani breka husubiri kiasi gani baada ya kukata kabla ya kujifunga tena. Kiwango cha IEEE 1547, cha kuunganisha mitambo ya umeme kwenye laini za usambazaji, kinaipa mitambo hadi sekunde 2 kujitoa pale kipande cha laini kinapobaki peke yake bila gridi. Breka ikirudi baada ya nusu sekunde, inaweza kukuta jenereta bado inazunguka nje ya mwendo wa gridi. Mpangilio huo uombe siku ya kwanza, pamoja na mchoro wa laini.