Jibu: Alama za BGP hazifiki kwenye foleni ya kipaumbele

Habari ndugu, na pole kwa usumbufu. Umeeleza kwamba ruta yenu ya Cisco hapo Nyegezi inapokea kwa BGP (itifaki ya ruta kupeana njia za mitandao) njia za tawi la Bukoba zikiwa na komyuniti (lebo inayobandikwa kwenye njia) sahihi, lakini simu zinakatika kila linki inapojaa, kwa kuwa foleni ya kipaumbele, inayopaswa kutanguliza sauti, haihesabu pakiti hata moja.

Kabla ya kugusa foleni, andika show ip cef ikifuatiwa na anwani ya mtandao wa Bukoba. Kama qos-group (namba ya kundi ambayo ruta huipa pakiti kwa matumizi yake ya ndani) haionekani hapo, hakikisha route-map (kanuni zinazogeuza komyuniti kuwa qos-group) imeunganishwa na BGP kwa amri ya table-map, kisha tumia clear ip bgp table-map, kwani njia zilizokwisha kuingia husubiri kusomwa upya. Ikiwa inaonekana, kagua bgp-policy destination ip-qos-map, amri ya intafesi inayoipa pakiti alama hiyo kulingana na inakoelekea: wengi niliowasaidia huku Mwanza huiweka kwenye intafesi ya kutokea, ilhali pakiti hupewa alama inapoingia. Iweke upande wa LAN (mtandao wenu wa ndani), na sera ya foleni ibaki upande wa linki. Napendelea qos-group kuliko precedence (alama ya kipaumbele iliyo kwenye kichwa cha pakiti), maana haibadilishi chochote ndani ya pakiti yenyewe.

Sauti inayotoka Bukoba hupangwa na ruta ya huko, hivyo nayo isanidiwe vivyo hivyo.