Fundi Anajibu: Moto Unawaka, Unakufa, Nyumba Inabaki Baridi

SWALI: Fundi, shikamoo. Tanuru la gesi linalopasha nyumba yangu joto limenishinda. Tangu juzi matundu yote ya vyumbani yanatoa hewa ya baridi. Nilishuka kulisikiliza: linaanza kwa mngurumo mdogo, kisha "pu!", kwenye kidirisha naona moto wa buluu, halafu sekunde chache tu moto unakufa. Linajaribu tena, na tena, mwisho linanyamaza. Feni yenyewe haikomi. Filta nimeshabadilisha, na feni nimeiweka kwenye ON ili joto lifike hadi chumba cha mwisho. Jirani anasema mtambo umekwisha, ninunue mwingine. Ni kweli?
Mama wa watatu wanaolala na soksi

JIBU: Marahaba, mama. Jirani mshukuru, ila pochi usiifungue bado. Barua yako imenifanyia nusu ya kazi, maana umenieleza sauti moja baada ya nyingine. Wengi huniandikia "limekufa", basi.

Tuanze na feni. Ukiiweka ON inazunguka saa zote, moto uwepo usiwepo. Irudishe kwenye AUTO, ingoje moto uwake kwanza ndipo ipulize. Joto haitakuletea, lakini itaacha kuwapepea wanao usiku kucha.

Sasa moto wenyewe. Mngurumo wa mwanzo ni wa feni ndogo inayovuta moshi kuupeleka nje. Ikishavuta vizuri, swichi ya shinikizo inatoa ruhusa, kiwashio kinaiva kama kaa, vali ya gesi inafunguka, ndiyo hiyo "pu!" yako. Kwa hiyo umeme upo, gesi ipo, njia ya moshi inapitisha, kiwashio ni kizima. Fundi mwenye haraka angeweza kukubadilishia vitu viwili vitatu kati ya hivyo na bado mkalala na soksi.

Ninayemshuku mimi ni kihisi cha moto. Ni ujiti mwembamba wa chuma wenye shingo ya kauri, unaosimama ndani ya mwali. Mwali hupitisha umeme kidogo sana, wa kupimwa kwa mikroampea, na bodi, yaani saketi inayoliongoza tanuru, ikiuona umeme huo inajua kwamba gesi inaungua. Isipouona kwa sekunde chache inafunga vali, kwa sababu gesi inayotoka bila kuungua ni hatari. Ujiti ukishika utando, hata ule mwembamba usioonekana vizuri kwa macho, moto unawaka mbele ya bodi isiyouona. Inajaribu mara kadhaa, kisha inajifunga.

Nikiwa bado mgeni katika kazi hii nilimbadilishia mteja bodi nzima kwa dalili hizihizi. Moto ukawaka, ukafa, vilevile. Mzee aliyenifundisha alikuja, akachomoa ujiti, akausugua, akaurudisha, akaondoka bila kunisemesha. Ile bodi niliilipia mimi.

Kuusafisha si kazi ngumu, lakini zima umeme wa tanuru na ufunge koki ya gesi kabla ya kugusa chochote. Mara nyingi ujiti umeshikwa na skrubu moja na waya mmoja. Usugue taratibu kwa msasa laini kabisa mpaka chuma king'ae, uufute kwa kitambaa kikavu, urudishe palepale. Shingo ya kauri usiibane kwa nguvu, huvunjika. Na kiwashio kilicho jirani yake usikiguse kwa vidole. Baadhi yake ni tete kama ganda la yai. Ukirudisha mlango uubane hadi mwisho, kwani nyuma yake kuna swichi, na mlango ukikaa upande tanuru halitawaka utadhani umeliharibu.

Kabla ya kuzima umeme, tazama taa ndogo inayopepesa kwenye bodi, uhesabu mipepeso. Maana yake kwa kawaida imebandikwa upande wa ndani wa mlango. Watu wanaipita hiyo karatasi wanakuja kuniuliza mimi.

Kama moto ungekuwa unakaa dakika kadhaa ndipo ufe, huku feni ikiendelea, ningekujibu mengine kabisa. Hapo mtambo unapata moto kupita kiasi na swichi ya usalama inaukata; mhusika wa kwanza huwa filta iliyojaa vumbi, au matundu ya vyumbani yaliyofunikwa na kochi. Ndiyo maana nawaambia watu wasimame na saa mkononi.

Ukishausafisha na bado moto unakufa, mwite fundi mwenye kipimo cha mikroampea, na muombe akuoneshe namba. Ukiona mwali wa manjano unaoyumbayumba, hapo zima kabisa, usilale nao. Unaweza kuwa unatoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Kengele yake iwepo karibu na vyumba vya kulala, na uijaribu leo.

SWALI: Nimewasha tanuru mara ya kwanza baada ya miezi mingi, nyumba ikanuka kama kitu kinaungua. Nizime?
Mwenye wasiwasi

JIBU: Vumbi hilo, limelala humo miezi yote likisubiri moto. Fungua madirisha, litaisha ndani ya saa chache. Ila kama ni harufu ya yai bovu, hiyo ni gesi: usiguse swichi yoyote, hata ya taa, toeni watu wote, na simu upige ukiwa mbali na nyumba.