Nataka masta ya picha za ubongo, nianzie wapi?

Shikamoo dokta, niko Nyegezi hapa Mwanza, nina digrii ya fizikia, nataka kusomea picha za ubongo ukiwa kazini ila mashine sina, nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Mashine isikutishe, kazi kubwa iko kwenye kompyuta. MRI ya ubongo ukiwa kazini (fMRI), yaani mashine ya sumaku kubwa inayopiga picha ndani ya mwili, haisomi mawazo, inafuata damu, sehemu ya ubongo ikichapa kazi inaletewa damu yenye oksijeni nyingi na sumaku inaona tofauti, mwanasayansi Mjapani Seiji Ogawa alionyesha 1990 kwamba sumaku inaiona tofauti hiyo ya oksijeni, ila mabadiliko ni madogo mno na yanachelewa kama sekunde 5 hivi, so bila takwimu huoni kitu. Fizikia unayo, kamatia takwimu na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Data za skani zipo bure kwenye tovuti ya OpenNeuro, zishushe, shusha pia FSL, programu ya Chuo Kikuu cha Oxford ya kuchambulia picha za ubongo, chambua seti moja mpaka mwisho ndo uwaandikie maprofesa, kazi hiyo ina uzito kuliko barua tamu.