Usitie saini karatasi yenye neno “asilia”

Usitie saini. Nimesoma maelezo yako mara mbili nikiwa kazini na sikusubiri kufika nyumbani ndipo nijibu, kwa sababu karatasi hiyo unayoieleza, yenye maneno “kikundi kitapiga taarab asilia pekee, ndani na nje ya hoteli”, niliitia saini mimi, kwa kalamu yangu mwenyewe, mwezi wa Disemba 2017, na mpaka leo nikiona wino wa buluu natokwa na jasho.

Kwa wanaoingia hapa bila ya kusoma juu, kijana wetu wa Wete, Pemba, ni katibu wa kikundi cha taarab cha watu tisa. Ameuliza iwapo wamtoe mpiga kinanda ili wapate kazi ya hoteli huku Unguja, nyuzi za kanuni, ile ala ya Kiarabu ya kulazwa na kudonolewa, zinapatikana wapi siku hizi, tunzo, yaani pesa anazotuzwa mwimbaji ukumbini, zigawiwe vipi baina ya waimbaji na wapigaji, na awajibu nini mashabiki wanaosema kwamba kikundi kimekwenda sokoni. Waliotangulia kujibu wameshughulika na hilo la mwisho tu: kurasa tatu za asilia dhidi ya rusha roho, yaani taarab ya kisasa ya vinanda na mipasho, na kila mmoja amemtukana mwenzake kwa ufasaha wa kupigiwa mfano. Baadhi yenu nawatambua kwa mwandiko. Tulikuwa kambi moja, na mimi ndiye niliyekuwa mkali kuliko wote. Kinanda kikiwashwa ukumbini, mimi ndiye niliyekuwa nikisimama na kutoka nje, tena nikiuburuza mguu wa kiti kusudi ili watu wajue kwamba nimetoka.

Kwa hiyo naijua vizuri hoja yenu, na wala sisemi kwamba hakuna tofauti. Ipo. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini na vijisu vidogo vya kupandisha na kushusha sauti, na mtu anayeipiga maqamu ya rasti, moja ya ngazi za sauti za Kiarabu, kwa mkono uliokomaa anakupeleka mahali ambapo mashine haikupeleki. Bashrafu, muziki wa ala tupu usio na mwimbaji, ikipigwa mwanzo wa usiku, watu wamekaa kimya kabla ya mwimbaji kusimama, ni adabu ambayo mipasho haina. Utungo wenye vina na mizani, unaomsema mtu bila ya kumtaja, si sawa na kumtaja jirani yako kwa kipaza sauti. Hayo nayashikilia hadi leo. Lakini nilidhani kwamba kwa kuyashikilia nimekuwa mlinzi wa amana, na mlinzi ambaye hajui kilichomo ndani ya sanduku analolilinda ndiye rahisi kuliko wote kuibiwa.

Aliyeniibia alijiita mshauri wa utamaduni. Simtaji, na hata nikimtaja hamtamjua, kwa sababu hajawahi kuonekana kwenye harusi wala kwenye usiku wa Idi mahali popote. Alitujia na hoteli moja ya pwani ya mashariki na maneno matamu: kwamba wageni wamechoka na muziki wa biashara, kwamba wanatafuta kitu halisi, kwamba vikundi vyote vimeuza utu wao isipokuwa sisi. Nani asingependa kuambiwa hivyo? Nilimsikiliza kama mwari anayesifiwa nywele. Akasema sharti ni moja tu, nalo ni la heshima: kinanda kiondoke, na tuahidi kwa maandishi kwamba hatutapiga isipokuwa taarab asilia. Yeye angechukua asilimia kumi na tano ya kila usiku kwa kazi ya kuilinda asili yetu. Bwana huyu, naomba mlijue hili, siku ya pili ya mazoezi aliweka glasi ya juisi ya ukwaju juu ya kanuni akidhani ni meza.

Mpiga kinanda wetu alikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, mtoto wa dada yake mpiga fidla. Kinanda chake kilitoka Dubai, kile cha namna ya Kiarabu chenye vitufe vya kushusha robo ya sauti, na alikaa miezi akikitega mpaka kikawa hakimgombezi mpiga fidla katika rasti wala bayati. Nilimtoa mbele ya wenzake. Nilimwambia kwamba ala yake ni ya dukani, maneno ambayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima. Hakubisha. Aliuzungusha waya kiganjani taratibu, akasema, “Haya, Katibu,” akaondoka. Sikuuliza fidla yetu ilikuwa imeota kwenye shamba gani.

Sasa tazama mkataba wa asili ulivyofanya kazi. Nyimbo zilitakiwa zisizidi dakika nne, kwa sababu wageni hubadilisha sahani, na wewe unajua kwamba wimbo wa taarab katika dakika nne bado unavuta pumzi. Bashrafu ilikatazwa moja kwa moja kwa vile “haina mwimbaji”. Tulipangiwa nyimbo sita, zile zile, Jumanne na Ijumaa. Tulivalishwa tarbushi nyekundu katika joto la Februari, na usiku wa kwanza mgeni mmoja alinikabidhi begi lake nimpelekee chumbani. Nililipeleka. Alikuwa amelitoa kwa adabu sana.

La kutunza ndilo lililotuua. Huko Pemba nako mnajua: mama anasimama kwenye kiti chake, anakwenda mbele kwa mwendo wake, noti mkononi, na ule ubeti anaoutunzia ndiyo salamu yake kwa mtu aliyemo ukumbini, na mwimbaji akiona hivyo anaurudia, na ukumbi mzima unajua nani kaambiwa nini. Hiyo ndiyo taarab. Mkataba wetu wa taarab asilia pekee ulipiga marufuku kutunza, kwa sababu eti kunasumbua watu wanaokula. Tukawa tunapiga asili iliyotolewa moyo, kwa shilingi laki mbili na nusu kwa usiku, watu kumi na mmoja, mshauri akishachukua chake. Harusi moja ya Jang'ombe au ya Mwembetanga ilikuwa ikitupa mara mbili ya hizo kabla ya tunzo, na tunzo za mwimbaji wetu mkubwa peke yake, katika mwezi wa Shaabani watu wanapoharakisha kuoza kabla ya Ramadhani, zilikuwa zikimlipia kodi na ada za skuli za watoto wake. Harusi hizo zilitaka kinanda kuanzia saa tano za usiku, baada ya nyimbo za kukaa kwisha na akina mama kutaka kunyanyuka, na sisi kwa ule mstari wa “ndani na nje ya hoteli” tukawa hatuwezi. Mwimbaji alivumilia miezi minne. Aliponiaga alinambia kwamba hajaacha taarab, ameacha hoteli, na kama mimi sioni tofauti basi nikae nayo.

Ikaingia Ramadhani ya 2018. Sikufikiri hata siku moja kwamba kuna haja ya kuandika jambo hilo kwenye karatasi, kwani nani Zanzibar angepiga taarab mwezi wa Ramadhani? Hoteli haikutulazimisha kupiga. Ilifanya jambo la kistaarabu zaidi. Kila usiku tusiofika uliandikwa kuwa deni, na baada ya Idi tukapiga usiku minane bila ya malipo. Mfunguo mosi mzima, wenzetu wako maharusini, sisi tunalipa deni la kufunga.

Kisha ndugu yetu mmoja wa kikundi akaoza binti yake. Hapo hapakuwa na kazi wala malipo, ni ujamaa, na tungekuwa watu wa ajabu kama tungekaa nyumbani. Yule kijana wa kinanda alikuja, kwa sababu bibi harusi ni jamaa yake pia, akakaa kando yangu bila ya kunitazama, na tulipiga mpaka saa nane. Usiku mzuri kuliko yote katika mwaka ule. Asubuhi mshauri alinitumia video ya dakika moja na nusu iliyorushwa na mgeni mualikwa, nimo mimi na akodiani yangu, na kinanda pembeni kinaonekana wazi. Kifungu cha adhabu: shilingi milioni moja na nusu. Nilikwenda kuomba, nikaambiwa kwa upole kwamba hoteli inajali sana uhalisi wa utamaduni wetu.

Hatukuwa nazo. Tulichokuwa nacho chenye thamani ni dabo besi moja, iliyoachwa na mzee aliyetufundisha sote, na walioinunua ni hoteli hao hao, kwa kukata deni. Wameiweka mapokezi baina ya vyungu viwili vya maua. Haina nyuzi. Mkataba wa kuilinda taarab asilia ndio uliotutoa besi mkononi, na kinanda kilichosingiziwa kuiua hakikutugharimu hata kumi. Machi 2020 ndege za watalii ziliposimama, kifungu cha dharura kiliikinga hoteli na hakikutukinga sisi. Sikuumia sana, kwani kilichokuwa kimebaki kuumia kilikuwa kidogo.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kuuliza maswali ambayo ilinipasa kuyauliza mwanzo. Hiyo asili niliyoiuza ilikuwa ipi? Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim mjini Cairo akajifunze kanuni, na nyimbo zikaimbwa kwa Kiarabu kwa ajili ya watu wa jumba. Kwa kipimo hicho, Siti binti Saad wa Fumba alipoimba kwa Kiswahili ndiye aliyeharibu. Yeye huyo mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurikodi santuri za kampuni ya HMV, na kampuni haikumgharamia kwa ajili ya makumbusho: santuri zilitengenezwa ziuzwe, zikauzwa. Vikundi vya Unguja, Ikhwan Safaa iliyoanza 1905, na Culture iliyoanza 1958, vilijaza fidla, cello na dabo besi kwa kufuata bendi kubwa za Misri. Tanga wakatia magitaa, na watu wa Unguja wakasikiliza. Mwimbaji Khadija Kopa alianzia Culture kabla ya kwenda Bara na mipasho yake. Mpaka vinanda viliposhika kumbi katika miaka ya 1990, wazee wangu hawakuwa na haja ya kusema “asilia”. Walisema taarab, basi. Neno hilo ni la ugomvi, na neno la ugomvi halina mipaka inayojulikana. Ndiyo maana anayelipenda kuliko wote ni yule mwenye kuandika mkataba, kwani siku ya kudai atalitia maana anayoitaka yeye.

Kwa hiyo ninachokwambia ni kimoja, na ukisahau mengine yote usisahau hiki: neno “asilia” lisiingie katika karatasi yoyote inayotiwa saini. Gombaneni nalo barazani, gombaneni nalo humu, andikeni kwenye bango la Idi mkipenda. Kwenye karatasi yaandikwe yanayohesabika: watu wangapi, ala zipi kwa majina, saa ngapi mpaka saa ngapi, nyimbo za urefu gani, nani analipa usafiri wa boti na malazi ya watu wa Pemba, Ramadhani mnapumzika bila ya deni, na mnachokipiga nje ya geti lao hakiwahusu. Wakikwambia kwamba bila ya neno hilo hakuna kazi, basi ujue kwamba kazi yenyewe ni neno hilo, na nyinyi ni mapambo yake.

Kijana wako wa kinanda mwache alipo. Siku ya hoteli abaki nyumbani kama hawamtaki, siku ya harusi aje. Msimwambie maneno yoyote mliyoyafanyia mazoezi njiani. Huyu wa kwetu siku hizi ana kikundi chake, tena kina kanuni, na mpiga kanuni ni mtoto niliyemfundisha mimi kushika kidole. Amenialika mara mbili. Mara ya kwanza nilisema naumwa.

Na hao wanaokuita msaliti humu wasikushughulishe sana, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukutunza. Mimi niliwahi kuwaandikia wenzangu maneno hayo hayo, kwa jina jengine, na siku hiyo hiyo jioni nilikuwa nimevaa tarbushi nikisubiri wageni wamalize supu.

Umesema mwenyekiti wenu anavuka kwa boti ya Alhamisi kwenda kutia saini. Mwambie aumwe, inakubalika. Halafu nitumie picha ya ukurasa wa pili, ule wenye adhabu. Wa kwanza siuhitaji, nimeuhifadhi kwa ghibu.