Vidole havinyooki baada ya kukatwa na panga: kano au neva?

Pole kwa kakako, ambaye umeandika kwamba alijeruhiwa mkono na panga na sasa vidole havinyooki. Hapo Muhoroni alikotibiwa wamesema ni kano (kamba zinazounganisha misuli na mifupa), lakini kwa vile kifundo cha mkono kinainuka na vidole tu ndivyo havinyooki, mimi ningeshuku neva (mshipa wa fahamu) kwanza: lile tawi la neva ya radiali, inayoamrisha misuli ya kunyoosha kifundo na vidole, linalopita chini kidogo ya kiwiko. Kutokuwa na ganzi kusikupe moyo, tawi hilo halibebi hisia za ngozi.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia Kisumu, na sisi hupima hivi: mgonjwa analegeza mkono, unamkunja kifundo polepole kuelekea kiganjani. Vidole vikinyooka vyenyewe, kano ni nzima, basi shaka inabaki kwa neva. Vikibaki vimening'inia, kano zimekatika. Usijaribu kama kuna mfupa uliovunjika au kidonda bado kibichi.

Neva iliyokatwa na panga haiungiki kwa kukandwa. Hushonwa na daktari wa upasuaji, na mapema, maana ikishashonwa huota kama milimita 1 tu kwa siku. Tafadhali asingoje kidonda kikauke, mpelekeni wiki hii.