Mwalimu, nimeshindwa kushuka ngazi: maswali yenu ya tizi

Shikamoo mwalimu. Mie ni mama wa watoto wawili, nakaa Ngamiani. Mwezi uliopita shoga yangu kanivuta kwenye mazoezi ya ukumbini, yale ya kuruka ruka na mziki mkubwa, tunakuwa kama watu 40 hivi saa 11 jioni, buku mbili kwa siku. Siku ya kwanza tu kocha katupigisha kichurachura raundi hata sikuzihesabu, na ukitaka kupumzika anakupigia filimbi ya sikio anakwambia "kitambi hicho kinakucheka". Kesho yake niliumwa kawaida, keshokutwa ndo mapaja yakavimba yakawa magumu kama gogo, ngazi za ofisini nikashuka kwa makalio huku nashika ukuta, alafu nikaenda chooni nikaona mkojo kama chai ya rangi. Nikanywa maji mengi nikameza diklofenaki, baada ya siku nne tano nikawa poa. Shoga anasema ndo mafuta yanatoka. Sasa chalenji ni ya siku 30, siku 6 kwa wiki, na nimeshalipa. Nirudi au nisirudi?
*Mama Wawili, Ngamiani*

Marahaba mwanangu. Nianze na shoga yako kwanza. Mafuta hayatokei chooni kwa rangi ya chai. Mafuta yakichomwa sehemu kubwa unayatoa kwa pumzi, huyaoni wala huyasikii harufu. Ile uliyoiona ni nyama yako mwenyewe.

Kitaalamu inaitwa rabdomayolisisi. Misuli ikifanyishwa kazi kupita kiasi seli zake zinapasuka, vilivyomo ndani vinamwagika kwenye damu, na kimojawapo ni mayoglobini, ndo hiyo inayoupa mkojo rangi. Figo zinabaki kuchuja uchafu ambao hazikuumbiwa kuuchuja kwa wingi ule, na zikizidiwa zinagoma. Madaktari waliiona vizuri mwaka 1941 London, wakati wa mabomu ya vita, watu wanachomolewa chini ya kifusi wazima, wanaongea, siku kadhaa baadae wanakufa kwa figo. Sasa wewe hukuangukiwa na nyumba, umeangukiwa na kichurachura.

Na hiyo diklofenaki ndo iliyonitoa jasho nikiisoma barua yako! Dawa za jamii hiyo zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo, kwa hiyo figo zako zilikuwa zimeelemewa alafu wewe ukazibania tena. Umepona, alhamdulillahi, lakini kesho asubuhi nenda hospitali waambie yote kama ulivyoniambia mie, wakupime figo kwenye damu, na mkojo pia. Usione aibu. Na siku nyingine ukiona mkojo wa rangi ile usisubiri kesho wala usitume meseji kwa gazeti, ni siku hiyo hiyo.

Kwa nini kichurachura na sio kukimbia tu? Kwa sababu ya kushuka. Paja linaumia zaidi pale linapokaza huku linarefuka, yaani pale unapochuchumaa kuudaka mwili wako usianguke, na misuli ya paja ni miongoni mwa mikubwa kabisa tuliyonayo. Ukirudia mara mia na mtu hujawahi, basi umejitwanga mwenyewe kwenye kinu. Ila mwili una huruma: ukiupa dozi ndogo mara ya kwanza, wiki inayofuata dozi ile ile haiumizi hata nusu, misuli imeshajifunza. Ndo maana walioumia ni wageni wa siku ya kwanza, au wenyeji waliopumzika muda mrefu wakarudi kwa pupa. Kila mwaka baada ya Idi naona watu wametoka kwenye mfungo wanataka kulipia tambi na kaimati za mwezi mzima kwa jioni moja.

Mie mwenyewe nimewahi kulifanya kosa hili. Nikiwa kijana nafundisha michezo sekondari moja huku huku mkoani, darasa zima lilichelewa paredi nikalizungusha uwanja kwa kichura saa 6 mchana. Mtoto mmoja alikaa siku tatu hawezi kukaa wala kusimama, mama yake akaja shuleni kaleta kanga tu ya kumfunika, hakunitukana. Afadhali angetukana.

Haya, chalenji. Neno lenyewe linanikera kidogo lakini tuache. Siku 6 kwa wiki, tuseme kila siku dakika 45, ni dakika 270. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020 linasema mtu mzima zinamtosha dakika 75 mpaka 150 za mazoezi makali kwa wiki, au 150 mpaka 300 za kawaida kama kutembea haraka, ukiongeza mazoezi ya kukaza misuli siku mbili. Sio kwamba ukizidisha unakufa, la, ila mtu anaeanza kutoka sifuri hana sababu ya kuruka mpaka 270. Siku mbili tatu makali, zilizobaki tembea, toka Ngamiani mpaka Raskazone upunge upepo urudi, nayo ni tizi hata kama haina filimbi.

Alafu hayo mazoezi ya kuruka ruka ambayo siku hizi kumbini wanayaita Tabata. Tabata ni mtu, Izumi Tabata wa Japani. Utafiti wake wa 1996 ulikuwa vijana wanamichezo juu ya baiskeli ya mazoezi, sekunde 20 kukanyaga kwa nguvu zote, 10 kupumzika, mara saba au nane mpaka mtu hoi, dakika 4 basi. Dakika nne! Na baiskeli, hakuna kutua kwa kishindo. Leo mtu anachukua jina lile anakurusha dakika 45 kwenye sakafu ya saruji. Kama ungekuwa kweli unafanya kwa ukali wa Tabata usingefika hata dakika ya kumi, kwa hiyo ama unadanganya ama unaumia. Na watu wa Tanga na baiskeli tena, tunazo tele nyumbani zinaota kutu.

Kwa hiyo ukishapimwa na daktari akikuruhusu, rudi, lakini wiki mbili za mwanzo fanya nusu ya wanachofanya wenzako. Wakiruka, wewe chuchumaa na kuinuka bila kuruka, au tumia kiti. Kipimo chako ni mdomo: pale pa moto moto uweze kutoa maneno mawili matatu, na ukipumzika dakika moja mbili uweze kuongea sentensi nzima. Huwezi? Kaa pembeni. Buku mbili zako utakuwa umezila tu.

Mwalimu habari za leo. Nina miaka 52, presha nameza atenolol. Wenzangu wa jogging klabu ya Jumapili wananiambia nijifunge nailoni tumboni ndo kitambi kiyeyuke haraka, na nimeweka saa ya kupima mapigo lakini hayapandi kama ya wenzangu hata nikichoka vipi. Nina tatizo?
*Mzee Kijana, Chumbageni*

Njema kaka. Saa haina kosa, dawa yako ndo inayoyashika mapigo yasipande, ndo kazi yake. Kwa hiyo ile hesabu ya 220 toa umri, ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya mtu, haikuhusu, tumia mdomo kama nilivyomwambia mama hapo juu. Dawa usiiache ili saa ipendeze, na kabla ya kuongeza kasi muone daktari wako. Kifua kikibana au mkono na taya vikiuma, simama, na sio kusimama mpaka wimbo uishe, simama hapo hapo.

Nailoni fungua leo. Jasho linapoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi, na hewa yetu ya bahari ina unyevu mwingi, jasho linatiririka tu halikauki, hasa Januari mpaka Machi kabla ya masika. Ukijifunga nailoni umeziba hata lile kidogo. Hicho kilo kimoja unachokiona kimepungua ni maji, ukinywa madafu mawili kimerudi. Mwenzenu akianza kuyumba, anaongea yasiyoeleweka, msimsubiri azinduke: kivulini, mwagieni maji mwili mzima, pepeeni, huku bajaji inatafutwa. Na asilazimishwe kunywa kama hana fahamu zake.

Mwalimu, mie ni kocha. Nimesomea kidogo, nina ukumbi wa bati hapa mjini. Kila mwezi naanza na watu 40, mwisho wa mwezi wamebaki 9. Watu wa Tanga wavivu au nakosea wapi?
*Kocha, Tanga mjini*

Kocha mwanangu, sijui kama wewe ndo yule wa filimbi. Tuseme sio.

Uvivu weka pembeni. Hao 31 wameondoka na magoti, na mgongo, na aibu. Mtu mzima akichekwa kitambi mbele ya wakwe na majirani harudi, atakwambia "nitakuja wiki ijayo inshallah" na wewe mwenyewe unaijua ile inshallah ya kuagana. Wale 9 waliobaki walikuwa na nguvu kabla hawajaja, kwa hiyo wewe hujamfundisha mtu, umewachuja tu.

Kabla mtu hajalipa muulize: presha, sukari, moyo, pumu, ujauzito, dawa anazomeza, na mara ya mwisho alifanya lini. Na selimundu. Huku kwetu pwani wapo wengi wanaobeba kinasaba kimoja tu, wazima kabisa, lakini kwenye joto na kazi kali mmoja mmoja wanaweza kuanguka, na wengi hawajui hata kama wanacho. Kwa huyo unapandisha polepole, unampumzisha kabla hajaomba, na akisema misuli inambana ghafla usimwambie "maliza seti".

Kila zoezi liwe na sura tatu: la kukaa, la kusimama, la kuruka, na uanze wewe mwenyewe kuonyesha lile la kukaa, watu wakikuona kocha unatumia kiti hawataona haya. Dakika kumi za mwanzo za kupasha mwili usizikate hata kama watu wamechelewa daladala. Mgeni mpe wiki mbili asizidishe, na joto nalo linataka siku 7 mpaka 14 mwili ulizoee. Bati lako lifungulie madirisha, au hamia saa 12 asubuhi, au wapeleke ufukweni. Ndoo ya maji na kikombe viwe ndani, sio mpaka mtu atoke nje akanunue.

Na daftari. Asiyekuja siku mbili mpigie, usimtumie ile picha ya misuli na maneno makali. Muulize tu anaumwa wapi. Wengine watakutajia ngazi.